Mali Bila Daftari: Maneno kwa Wenye Matrela Madogo

Hii ni hotuba iliyotayarishwa kwa wakulima na wafanya biashara wa Meru na Embu. Twaichapa hapa ili na wale walio mbali na mabaraza wapate kuisoma na kusomeana.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya trela dogo, yaani lile gari lisilo na injini, lenye magurudumu mawili, lifungwalo nyuma ya pikapu au trekta likavutwa. Wengine huliita tela. Huenda mtu akafikiri kwamba jambo hili ni dogo mno la kukusanyia watu. Lakini katika nchi hii yetu, tangu Timau mpaka Kiritiri, mazao hayana thamani mpaka yafike penye mnunuzi. Viazi vya Kibirichia, ndizi za Imenti, kahawa ya Runyenjes na maembe ya Mbeere, vyote hivyo vyangoja kuchukuliwa. Mtu asiyeweza kununua lori aweza kununua trela, na kwa trela gari moja hufanya kazi ya magari mawili. Ndiyo sababu twayaona yakiongezeka kila mwaka.

Wengi wetu hutazama mzigo tu. Huuliza, "Trela hili litachukua magunia mangapi?" Ni wachache waulizao, "Trela hili limeandikwa kwa jina la nani?" Nami nataka mjue leo kwamba swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

TRELA NI NINI KATIKA SHERIA

Sheria ya Barabara, ambayo ni Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Imebadilishwa mara nyingi tangu siku hizo, lakini msingi wake ungali ule ule. Trela, kwa maana ya sheria hiyo, ni chombo kivutwacho na gari la injini. Basi mkokoteni wa punda si trela, wala rukwama asukumayo mtu sokoni si trela, ingawa wenye vyombo hivyo nao wanapaswa kufuata kanuni za barabara.

Tena sheria yataka trela liandikishwe peke yake, mbali na gari linalolivuta. Hapa watu wengi hukosea. Huko Uingereza trela dogo la mtu binafsi halina nambari yake; hubandikwa nambari ya gari linalolivuta. Mtu aliyeona picha za huko, au aliyeuziwa trela lililotoka ng'ambo, hudhani kwamba desturi ni moja duniani kote. Sivyo. Hapa Kenya trela lina nambari yake lenyewe, nayo huanza na herufi Z. Lina na kitabu chake, kile ambacho watu hukiita logibuku, chenye jina la mwenyewe na nambari ya chasisi. Kwa hiyo, ukiona trela limefungwa kibao cha nambari ya pikapu tu, ujue kwamba mambo yake hayajatengenezwa.

KULINUNUA NA KULIANDIKISHA

Matrela mengi madogo ya huku kwetu hutengenezwa na mafundi wa jua kali. Hilo si aibu. Mafundi wetu ni hodari. Lakini ukimwendea fundi, usipatane naye bei ya chuma tu. Muulize ekseli ameitoa wapi, na akupe hati ya mauzo ya kila kitu kikubwa. Ekseli iliyong'olewa katika gari la wizi haigeuki kuwa halali kwa kupakwa rangi. Mwambie pia kwamba trela litapelekwa kwa wakaguzi wa magari, ili ajue tangu mwanzo kuwa kazi yake itaangaliwa na macho mengine.

Kazi ya kuandikisha magari i mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Siku hizi maombi hupelekwa kwa njia ya eCitizen, na mwombaji hutakiwa kuwa na kitambulisho chake na nambari yake ya kodi, yaani PIN. Yule asiyezoea kompyuta asivunjike moyo. Na aende katika Kituo cha Huduma kilicho karibu naye apate kuelekezwa. Akienda katika saiba, na aangalie kwa macho yake kila kinachoandikwa, wala asimwachie kijana wa saiba neno lake la siri. Neno la siri la eCitizen ni kama muhuri wa chifu. Alishikaye aweza kuandika mambo kwa jina lako.

JINA LILILOANDIKWA

Kazi yangu ni kufasiri maneno ya Serikali, na katika sheria hii liko fungu moja fupi, fungu la 8, ambalo nimelifikiri sana. Maana yake ni hii: mtu ambaye jina lake limeandikwa katika daftari la magari ndiye ahesabiwaye kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Maneno ni machache, lakini yana makali pande mbili.

Upande wa kwanza wamhusu mnunuzi. Tuseme mtu wa Nkubu amenunua trela kwa fedha taslimu, akapewa kipande cha karatasi chenye sahihi, akaenda zake. Miaka mitatu baadaye yule muuzaji akafa, na watoto wake wakaja kulidai trela wakisema, "Hii ni mali ya baba." Daftari litasema nao, wala si pamoja na mnunuzi. Huenda akashinda mahakamani kwa kuonyesha karatasi yake na kuleta mashahidi, lakini atakuwa ameuza ng'ombe kwa ajili ya kukigombania chombo ambacho alikwisha kukilipia.

Upande wa pili wamhusu muuzaji, nao ndio watu wasiouogopa, kumbe ndio wa kuogopwa zaidi. Ukiuza trela lako ukaliacha jina lako katika daftari, nalo likachomoka usiku kwenye mteremko wa Chuka likamgonga mtu, jina litakalotafutwa ni lako. Wewe umelala nyumbani kwako Ishiara, fedha ulikwisha kuzila, na trela hujaliona mwaka mzima. Lakini mlango utakaobishwa asubuhi ni wako. Itakubidi wewe uthibitishe kwamba si lako tena.

Fungu la 9 la sheria hiyo hiyo lasema kwamba trela likiisha kubadili mikono, lisitumiwe barabarani kupita siku 14 kabla ya mwenyewe mpya kuandikwa. Siku 14 si nyingi. Katika utaratibu wa sasa muuzaji ndiye aanzaye jambo katika eCitizen, kisha mnunuzi hukubali na kulipa ada. Kwa hiyo yafaa nyote wawili mkae pamoja siku ile ile ya mauzo, fedha zikiwa mezani, mpaka jambo limekwisha. Msiambiane "tutalimaliza wiki ijayo". Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Kisha nawageukieni ninyi mlio katika vikundi. Majirani watano au kumi wachanga fedha, wanunue trela moja la kupelekea kahawa kiwandani au maziwa kituoni. Ni shauri jema sana. Lakini huliandika kwa jina la nani? Mara nyingi la yule mwenye pikapu, kwa kuwa ndiye alijuaye mambo ya magari. Na siku atakapofariki, jamaa zake watalihesabu katika urithi, nao hawatakuwa wezi. Watakuwa wamesoma tu yaliyoandikwa. Ikiwa kikundi chenu ni chama cha ushirika kilichoandikishwa, trela na liandikwe kwa jina la chama. Ikiwa bado, andikeni mapatano, kila mtu atie sahihi na kiasi alichotoa, na nakala moja ikae kwa kila mmoja. Msione haya kwa kuwa mnapendana. Mapatano huandikwa watu wakiwa wangali wanapendana. Wakiisha kugombana hayaandikiki.

KULITUMIA

Sasa tuje katika mzigo wenyewe. Trela dogo kwa kawaida halina breki zake. Gari linaloenda mbele ndilo lililo na kazi ya kujizuia lenyewe na kulizuia trela. Huko Ulaya trela lisilo na breki zake haliruhusiwi kupita kilo 750, pamoja na uzito wake lenyewe. Tufanye hesabu. Tuseme trela tupu lina kilo 250. Gunia la viazi, kwa kanuni za mwaka 2019, halipiti kilo 50. Magunia 10 ni kilo 500. Jumla ni kilo 750, na hapo ndipo mwisho wa kipimo hicho. Nasi twaona matrela ya namna hiyo yakipakiwa magunia 20.

Ndugu zangu wa Mbeere na Tharaka wapelekao maji na wakumbuke kwamba lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, yaani tani nzima. Tena tangi lililojaa nusu lina hatari yake, kwa maana maji huenda huku na huku, na katika kona huliinamisha trela upande mmoja.

Namna ya kupakia nayo ina maarifa. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli, ukielemea mbele kidogo, hata sehemu moja katika kumi ya uzito wote ishuke juu ya kifungio. Mzigo ukielemea nyuma, trela huanza kutikisa mkia kama mbwa, na gari likienda mbio mtikiso huzidi mpaka dereva ashindwe. Likianza kutikisika hivyo, usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu polepole katika mafuta, shika usukani sawasawa, na ungoje mwendo upungue.

Kabla ya kuondoka zunguka trela lako mara moja. Tazama kama kifungio kimefungwa na pini yake imo. Tazama minyororo ya usalama, ambayo hupishwa chini ya mkono wa trela ili kifungio kikivunjika trela lisiende zake. Kaza nati za magurudumu, pima upepo, na baada ya mwendo gusa katikati ya gurudumu. Ukiona pana moto, beringi zinalilia grisi. Washa taa, mtu mwingine asimame nyuma akuambie kama taa nyekundu zawaka na kama ile ya kupinda kushoto haiwaki kulia. Trela lisilo na taa wakati wa usiku ni ukuta uliojengwa katikati ya njia.

Wala usipakie watu juu ya trela, hata wakikusihi kwa ajili ya mvua. Dereva hawaoni, mahali pa kushikilia hapana, na kifungio kikikatika hawana wa kuwaokoa.

Nanyi mwaijua njia yetu ya Embu kwenda Meru. Mito yashuka kutoka mlimani, na kila mto una mteremko wa kuingia na mlima wa kutokea: Thuci, Nithi, Mutonga. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru lilitumbukia katika mto Nithi pale darajani, na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi hilo halikuwa likivuta trela. Lakini ikiwa mteremko ule waweza kulishinda gari lenye breki katika kila gurudumu, je, pikapu inayosukumwa kutoka nyuma na tani moja isiyo na breki itafanyaje? Ingia katika gia nzito juu kabisa, kabla hujaanza kushuka. Usingoje mpaka breki zipate moto, kwa maana zikiisha kupata moto hazisikii amri.

Dereva na aitazame leseni yake pia. Leseni hutolewa kwa herufi za aina za magari, na aliyeruhusiwa aina moja hakuruhusiwa kila aina. Na mwenye bima na aambiwe kwa maandishi kwamba gari lako huvuta trela. Asipoambiwa, siku ya ajali aweza kusema kwamba yeye alikubali kulilipia gari, wala hakupatana nawe juu ya trela.

MWISHO

Wazee wangu na ndugu zangu, sikuja kuwatisha msinunue matrela. Nataka mnunue, myatumie, yawaletee fedha za karo na za mbolea. Lakini jioni ya leo, kabla ya kulala, kila mwenye trela na afanye jambo moja: akitafute kile kitabu, asome jina lililomo. Likiwa ni jina lake, na akiweke mahali pasipovuja. Likiwa si lake, kesho asubuhi na amtafute yule aliyemwuzia, angali hai na wangali wanasalimiana. Na yule aliyekwisha kuuza, lakini jina lake lingalimo, na afanye vivyo hivyo, tena mbio zaidi.