Kati ya "Na" na "Au": Haki ya Kusoma Kilichomo Chupani



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya pombe na tumbaku, na tunafahamu kwamba wengi mlioketi hapa mngependa tutamke neno moja tu: zipigwe marufuku. Hatutalitamka. Si kwamba hatuyaoni maziko. Tumezika pamoja nanyi. Ni kwamba nchi hii imekwisha kuijaribu marufuku, nasi tulioishi chini yake twajua ilimnufaisha nani.

Ikumbukeni Sheria ya Mamlaka ya Machifu, tuliyorithi kwa mkoloni. Ilimpa chifu uwezo wa kutoa amri juu ya utengenezaji na unywaji wa pombe katika eneo lake. Mwaka 1980 ikaongezwa juu yake sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Basi milango ikawa inabishwa usiku. Mama wa Mathare aliyepika chang'aa ili watoto walipiwe karo alitoa kitu kidogo, askari wakaenda zao, na juma lililofuata wakarejea. Chang'aa haikukauka. Kilichokauka ni mkoba wa yule mama. Ilikuwa kodi isiyo na risiti.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, na wabunge wa vyama mbalimbali walipokubaliana mwaka 1997 kupunguza mamlaka ya machifu, hatukuwa tunadai ruhusa ya kulewa. Tulidai sheria iliyoandikwa, inayosomeka, inayomfunga mkubwa kwa mdogo. Twaomba muitazame lebo ya chupa kwa jicho hilo hilo.

Kinywaji cha kificho hakina lebo. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa kumi kumi iliyokuwa na methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli ni pombe ya viwandani. Mnywaji hawezi kuitambua kwa macho wala kwa ulimi, nayo huharibu mishipa ya macho na kuua. Kumi kumi iliitwa hivyo kwa sababu gilasi yake iliuzwa shilingi kumi. Bei ndiyo habari pekee aliyopewa mnywaji. Hakuambiwa nani ameitengeneza, wapi, wala ina nguvu kiasi gani. Mjane wa mtu kama huyo atamshtaki nani?

Ndiyo maana tuliipokea kwa furaha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu huiita Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Wengi waliikumbuka kwa saa za baa tu, kufunguliwa saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi, wakacheka na kunung'unika. Lakini sheria hiyo ilifanya jambo kubwa zaidi. Iliifuta ile ya 1980, ikaruhusu chang'aa kwa masharti ya kibali na ya kutiwa katika chupa isiyopungua mililita 250. Ikaagiza kila chombo cha kileo kieleze vilivyomo na kibebe maonyo mawili ya afya, kwa asilimia 30 ya eneo lake.

Hapo ndipo penye neno letu la leo. Sheria hiyo yasema maonyo yaandikwe kwa Kiingereza *au* Kiswahili. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 yasema kwa Kiingereza *na* Kiswahili. Tofauti ni neno moja. Kwa neno hilo mwenye kiwanda cha pombe kali anaweza kumwacha gizani mzee asiyejua Kiingereza, wala asiwe amevunja sheria. Na haya yalipitishwa mwaka ule ule tuliopata Katiba mpya, ambayo Kifungu chake cha 7 kimezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi, na cha 46 kimempa mnunuzi haki ya kupata habari juu ya bidhaa anayoinunua.

Msidhani tumbaku imesalimika. Sheria hukataza sigara kuuzwa katika pakiti yenye chini ya sigara kumi. Nendeni basi kwenye kioski chochote. Kijana hununua sigara moja, huiwasha papo hapo, na pakiti hubaki ndani. Muuza duka ndiye anayelisoma onyo kutwa nzima. Kampuni nazo zajua thamani ya kanuni: zile za mwaka 2014, zenye maonyo ya picha ndani yake na mchango wa asilimia 2 kutoka kwa watengenezaji, zilipingwa mahakama hadi mahakama, mpaka Mahakama ya Juu ilipoitupa rufani tarehe 26 Novemba 2019.

Tukubali udhaifu wa hoja yetu. Lebo haipimi methanoli. Lebo hughushiwa, na stempu ya ushuru hughushiwa pia. Lakini lebo ni sahihi ya mtu: akiidanganya, ana anwani ya kupelekewa samansi. Msako hauna anwani. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kirinyaga, na serikali yenyewe ikasema kwamba pombe ile ilikuwa imeibwa katika kituo cha polisi, ilikokuwa imewekwa kama kielelezo cha kesi. Ilikamatwa kwa jina la sheria, ikatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuua.

Tunawaomba mambo mawili. Leseni za vileo sasa ni kazi ya kaunti: ulizeni waziwazi nani amepewa, na kama baa iko mita 300 kutoka shuleni kama inavyotakiwa. Kamba ya kupimia haihitaji kibali cha chifu.

La pili ni ombi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119, ili "au" igeuzwe kuwa "na". Ni ukurasa mmoja. Karatasi ziko mezani karibu na mlango. Asiyejua kuandika atatia kidole gumba, baada ya kusomewa kila neno kwa Kiswahili.