Kabla ya Kamba Kutafutwa
Hotuba kwa familia za Thika na Ruiru zinazotunza wagonjwa wa akili



Katika ploti za Githurai 45, Kimbo au Makongeni, kelele zikizuka usiku majirani hudhani ni walevi au ni wezi. Mara nyingine si hao. Ni kijana aliyeacha kumeza dawa wiki kadhaa zilizopita. Amevunja kioo cha dirisha, na mama yake amesimama nje na leso mabegani asijue amwite nani. Baada ya dakika chache vijana wa ploti wanafika na kamba. Nia yao si mbaya. Lakini kamba huacha vidonda kwenye vifundo vya mikono, huzuia damu kupita, na mtu aliyelazwa kifudifudi huku wengine wamemkalia mgongoni anaweza kukosa pumzi na kufa. Hotuba hii inahusu dakika hizo chache, siku zinazozitangulia, na huyo mama aliyesimama nje.

Lisemwe waziwazi kwanza kwamba wagonjwa wengi wa akili hawampigi mtu. Wao ndio hupigwa mara nyingi zaidi. Na yule anayekuwa mkali, kwa kawaida ana hofu kuliko hasira. Anasikia sauti zinazomtukana, au anaamini kwamba chakula kimetiwa sumu na jirani amekuja kumuua. Anajikinga na adui ambaye wengine hawamwoni. Msemo wa "dawa ya moto ni moto" haufai hapa, kwa kuwa ukelele unaojibiwa kwa ukelele humthibitishia kwamba adui kweli yupo.

Mara nyingi ukali huja na dalili. Mgonjwa halali usiku mbili au tatu mfululizo. Anatembea huku na huko, anabishana na mtu asiyeonekana, anakataa chakula cha nyumbani, anakunja ngumi, anaanza kuficha kisu chini ya godoro. Kila mgonjwa ana zake, na anayezijua vizuri ni anayekaa naye. Daftari la shilingi chache linatosha kuandika dalili hizo pamoja na tarehe. Muuguzi akisomewa "hajalala tangu Jumapili" anapata la kufanyia kazi kuliko akiambiwa "amerudia yale mambo yake." Dalili hizo zikionekana, huo ndio wakati wa kwenda kliniki. Mgonjwa bado anasikia na anaweza kupanda matatu kwa miguu yake.

Ukali ukishazuka, familia inaweza kuiga wanavyofanya wauguzi wa afya ya akili wodini. Watoto na watazamaji huondolewa kwanza, maana umati humtia mgonjwa hofu zaidi. Anazungumza mtu mmoja tu, yule ambaye mgonjwa anamwamini, hata kama ni mdogo kwa umri. Sauti iwe ya chini na maneno machache. Asimame mbali kiasi cha mikono miwili au zaidi, ubavu ubavu, viganja vikionekana, wala asimguse mgonjwa ghafla au kumpa mgongo.

Chumba cha kupanga chenye mlango mmoja kina taabu yake. Mtunzaji akisimama katikati ya mlango, mgonjwa huona amezingirwa. Akienda ndani kabisa, yeye mwenyewe amezingirwa. Afadhali akae karibu na mlango lakini pembeni, njia ibaki wazi kwa wote wawili. Nyumba yenye mgonjwa wa aina hii isiache panga, jembe, kisu cha jikoni wala mafuta ya taa mahali pa kunyakuliwa, na maji yanayochemka yaepushwe mapema.

Kuhusu sauti anazozisikia, hakuna faida ya kumbishia, wala si vizuri kumdanganya kwamba zinasikika. Mama anaweza kusema, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakutesa." Kisha ampe machaguo mawili madogo: maji au chai, kukaa ndani au nje barazani. Mtu anayeona bado ana la kuamua hutulia upesi kuliko anayeamrishwa. Ikiwa ameshika silaha, mazungumzo yameisha. Watu watoke, wasijaribu kumnyang'anya, na polisi wapigiwe kwa 999 au 112, waambiwe mara moja kwamba huyo ni mgonjwa.

Hospitalini pia kuna wakati mgonjwa hushikwa. Wodini hilo ni hatua ya mwisho. Hufanywa na watu waliofunzwa, kila mmoja akijua kiungo anachoshika, mmoja akitazama kichwa na pumzi. Akidungwa sindano ya kumtuliza, muuguzi huendelea kupima pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hadi azinduke vizuri. Kwa sababu hiyohiyo familia isinunue tembe za usingizi dukani na kuzitia kwenye chai. Dawa hizo zikikutana na pombe tumboni, mtu anaweza kulala asiamke, na nyumbani hakuna anayempima.

Pombe inahitaji neno lake, hasa katika kaunti hii. Mlevi wa miaka mingi anayeacha ghafla, pengine kwa kuwa amefungiwa au ameishiwa pesa, huweza kuanza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo na kuwa mkali ndani ya siku mbili au tatu. Hiyo ni dharura ya hospitali. Vivyo hivyo kwa mzee aliyechanganyikiwa ghafla, mtu mwenye homa, aliyegongwa kichwa, mwenye kisukari au kifafa, na mama aliyejifungua majuzi. Malaria ya ubongo au sukari iliyoshuka hufanana sana na "wazimu." Hao wapelekwe idara ya dharura iliyo karibu, Thika Level 5 au hospitali ya Ruiru, kabla ya mtu yeyote kuanza kuzungumzia uchawi.

Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, ambayo ni ya mwaka 1989, inampa mkuu wa kituo cha polisi, chifu na naibu wake mamlaka ya kumchukua mtu anayeaminika kuwa mgonjwa wa akili na hatari kwake au kwa wengine, na kumfikisha hospitalini ndani ya saa 24 au muda unaofaa. Kwa hiyo seli ni mapito tu. Jamaa naye anaruhusiwa kuomba mgonjwa asiyekubali matibabu alazwe. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliziwekea serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili katika vituo vyao, na mkazi ana haki ya kuuliza kituo chake kinatoa zipi.

Wengi hapa wakisikia ugonjwa wa akili hufikiria jina moja, Mathari, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1910 na ambayo watoto bado hutumia jina lake kutukanana. Mwezi Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka humo na habari ikaenea nchi nzima. Ukuta ulikuwepo, nao haukutosha. Mathari bado ni hospitali ya rufaa, lakini mgonjwa akirudi kutoka huko anahitaji kliniki iliyo karibu na kwao, la sivyo dawa zitakatika.

Dawa hukatika pia kwa sababu ambayo familia haiambiwi. Baadhi yake hukaza shingo, hutetemesha mikono au humfanya mtu awe mzito kama gogo. Mgonjwa anaacha, familia inamwita mkaidi. Yapo madhara yanayotulizwa kwa dawa nyingine au kwa kubadilisha kipimo, na kwa asiyependa tembe kuna sindano inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa. Kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, jamaa aulize jina la dawa, madhara yake, na tarehe ya kurudi, ayaandike kwenye lile daftari.

Amebaki mama. Wapo wanaopigwa na watoto wao wa kuwazaa na kusema walianguka bafuni. Muuguzi aambiwe ukweli, kwa sababu matibabu hupangwa kulingana na hatari iliyopo. Mtunzaji anahitaji usiku wa kulala, na dawa zake mwenyewe za presha azimeze kwa wakati. Ndugu walio Nairobi au ng'ambo hutuma pesa kwa M-Pesa na kuona wametimiza. Pesa husaidia, lakini hazikeshi na mgonjwa. Zamu ya wikendi moja kwa mwezi ingemfaa mama zaidi. Mhamasishaji wa afya ya jamii naye amjue kwa jina, na msimamizi wa ploti awe na namba ya jamaa wa kupigiwa badala ya kuita vijana. Anayetaka tu mtu wa kumsikiliza, laini ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo.