Mwili ni Amana: Tuanzie Wapi?

Ndugu Waislamu, bibi zetu wa Machame na Kibosho walishuka gulioni na mikungu ya ndizi kichwani, wakarudi wakiupanda mteremko kwa miguu. Sisi walimu wenu twapanda pikipiki hata kuja msikitini, kisha twahema katika rakaa ya pili!

Mtori hauna kosa. Kosa ni bakuli la tatu, na soda juu yake. Mtume (s.a.w.) ametuelekeza theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Anayejinyima ghafla aghalabu hukonda kidogo, kisha hunenepa upya.

Shirika la Afya Duniani lahimiza walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Tuanze na kumi kila siku. Mwenye kisukari au shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Kesho baada ya Alfajiri tutatembea kutoka mlango huu, atakayechoka tutamngoja.