Nani Kirangozi? Lori la Umeme, Breki Zake na Mteremko wa Sekenke

 Watu husema fulani kasoma ng'ambo. Mimi nimezaliwa Ng'ambo, mtaa wa hapa Tabora, nikasoma ng'ambo, nikarudi Ng'ambo, na bado mama anaona sijafika mbali.

Mhadhara huu umezaliwa kwa hasira. Nilikuwa kwenye kikao cha watu wa usafirishaji Dar es Salaam, na mwenzangu mmoja, msomi hasa, alisimama akatangaza kwamba lori la umeme limemaliza habari ya breki. Hoja yake ilikuwa nyepesi kumeza. Mota ikigeuzwa inakuwa jenereta, jenereta inalizuia gari na papo hapo inarudisha umeme kwenye betri. Rada na kamera zinaona mbele kuliko jicho la binadamu, na kompyuta inajua ni lini ivute na ni lini iachie. Kwa hiyo breki ya upepo itabaki kama ndoo ya mchanga kwenye kituo cha mafuta, ipo kwa sababu sheria imesema iwepo. Dereva naye, akaongeza, wiki mbili za mafunzo zinamtosha. Watu walipiga makofi. Chai yangu ilipoa.

Mota inavyogeuka jenereta sitaeleza. Wanaojua wanajua, na asiyejua amwulize kijana aliyekaa jirani yake. Nataka twende kwenye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyokosekana siku ile.

Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na tela lake kufika tani 56. Lori la tani 56 likishuka mita 100 za wima linaachilia nishati ya zaidi ya kilowati-saa 15. Kwa lugha ya jikoni, hizo ni uniti 15 za LUKU, na kuna nyumba hapa mtaani zinakaa siku kadhaa kwa uniti hizo. Sasa chukua mteremko unaoshuka mita 6 kwa kila mita 100 za barabara, na lori liko kilomita 40 kwa saa. Ili lisiongeze mwendo, kitu fulani lazima kimeze zaidi ya kilowati 300, mfululizo, bila kupumua, mpaka bondeni. Swali langu kwa mwenzangu lilikuwa moja tu, nalo hakulijibu: zinakwenda wapi?

Zinakwenda kwenye betri, atasema. Sawa, kama betri ina nafasi. Debe lililojaa halipokei maji hata ukilibembeleza. Betri iliyojazwa mpaka juu inakataa umeme, na iliyopoa sana au kupata joto kupita kiasi inapokea kwa kipimo. Kompyuta yake inaibana ili isiharibike, na inafanya vyema. Mota nayo ina kikomo cha nguvu zake. Basi lori lile lile, mteremko ule ule, dereva yule yule: Jumatatu betri ikiwa nusu, gari linashuka kama bibi harusi, Jumanne betri imejaa, anaondoa mguu kwenye mafuta (tutaendelea kusema mafuta hata kwenye gari lisilo na mafuta) na gari linajiendea. Alichojifunza Jumatatu ndicho kitakachomponza Jumanne.

Nimtendee haki mwenzangu. Watengenezaji wazuri wanalijua hili. Wapo wanaoweka rezista ya kuchoma umeme uliozidi ugeuke joto, kama ilivyozoeleka kwenye vichwa vya treni. Wapo ambao programu zao zinaingiza breki za msuguano pole pole pale betri inapokataa, na dereva hahisi tofauti yoyote mguuni. Mwenzangu anauona huu ushindi. Mimi ndipo ninapoanza kutokwa jasho. Maana kama dereva hahisi tofauti, hajui kwamba kilowati 300 zimehamia kwenye laini za breki. Laini zinapata moto, zinaanza kuchoka, na mguu wake bado unaambiwa mambo ni shwari.

Mjomba wangu aliendesha lori njia ya Singida kwenda Nzega, zama ambazo barabara ilikuwa ya vumbi na shimo lilikuwa na jina lake. Likizo za shule nilipanda naye, utingo wa utingo. Kileleni mwa Sekenke, mteremko mkali wa njia hiyo, alisimama kila safari, hata tukiwa tumechelewa. Alishuka, akafungua koki ya tangi la upepo atoe maji, kisha akazunguka gari lote akigusa kila ringi kwa mgongo wa kiganja, kama mama anavyopima homa ya mtoto. Ringi moja ya tela ikiwa na joto kuliko wenzake, tulikaa mpaka ipoe. Halafu akaingiza gia ndogo na kuliachia lori kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Siku moja nilimwuliza mbona chini kule mji wa Shelui unaonekana na barabara imenyooka, kwa nini asiachie kidogo. Akanijibu: "Mjomba, gari inashushwa ukiwa juu. Ukiwa katikati unaomba tu."

Kiganja kile ndicho ninachokitafuta kwenye dashibodi ya lori la umeme, na mara nyingi sikioni.

Niruhusuni sasa nifungue kitabu ninachokipenda kuliko vyote vya uhandisi vilivyo kabatini mwangu. Ni kile cha msafiri Mwingereza Richard Burton kuhusu nchi za maziwa, kilichochapwa London mwaka 1860. Burton aliingia Kazeh, yaani hapa hapa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Alikuwa mtu wa dharau. Karibu kila kabila alilolipita alilitukana, na wanafunzi wangu huniuliza kwa nini ninamsoma. Ninamsoma kwa sababu jicho lake lilikuwa bora kuliko moyo wake. Aliona jinsi msafara unavyotembea, akaandika mpaka manyoya.

Mbele kabisa, anaeleza, anakwenda kirangozi, kiongozi wa njia. Amevaa joho jekundu lenye vipande vinavyoning'inia mbele na nyuma, kichwani ana ngozi ya nyani mweusi na mweupe, bila shaka mbega, na juu yake manyoya ya ndege. Bendera nyekundu ya Unguja iko mbele, imechakaa. Nyuma yake kuna mpiga ngoma, halafu wapagazi wa pembe, halafu wa nguo na shanga, na mwisho kabisa tajiri, ili asimpoteze mtoro. Haya wengi mnayajua kutoka kwa babu zenu. Lakini iko sheria moja ndogo ambayo Burton anaipitia kwa sentensi moja, nami nimeitafakari kwa miaka. Hakuna anayeruhusiwa kumtangulia kirangozi. Akimtangulia, anachomolewa mshale mmoja kutoka podo lake, na mshale huo unatunzwa uwe ushahidi, ili safari ya siku ikiisha ajulikane ni nani, atozwe faini.

Tazameni uhandisi uliomo. Kumpita kirangozi kunawezekana. Pengine mtu ameona nyoka, pengine ameona maji. Hakufungwa kamba. Lakini kupita kuna alama, na alama haibishaniwi njiani. Hakuna anayesimamisha mamia ya watu wenye frasila mbili mabegani ili kuamua nani alikuwa na haki. Kesi inasikilizwa kambini, na mshale uko mezani. Wapagazi hawa, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wametatua tatizo ambalo wenzetu wa Stuttgart na California bado wanalitolea jasho: wanaotaka kuongoza wakiwa wengi, nani anamtii nani, na baadaye tunajuaje nani alifanya nini?

Maana ndani ya lori la kisasa la umeme wanaojiona kirangozi ni wengi. Yupo dereva. Kipo kidhibiti mwendo kinachoshika kasi na umbali wa gari la mbele. Ipo programu ya kuvuna umeme, mchumi asiyetaka hata uniti moja ipotee. Ipo ABS, kazi yake kuzuia tairi lisijifunge. Ipo breki ya dharura ya rada, ambayo Ulaya imekuwa lazima kwa malori makubwa mapya, isipokuwa machache, tangu 2015. Kila mmoja peke yake ni mtumishi mwema. Wakutanisheni mbuga ya Wembere mvua ikinyesha, tela likiwa tupu na lami imepakwa tope jeusi na matairi yaliyotoka porini.

Gari la mbele linapunguza mwendo. Kidhibiti mwendo kinaomba kupungua. Mchumi anadakia: nipe mimi, nivune. Lakini uvunaji unafanyika kwenye matairi yanayosukumwa na mota tu. Ya mbele na ya tela hayashiriki. Matairi ya nyuma ya kichwa yanaanza kuteleza, na tela halijaambiwa lishike, kwa hiyo linasukuma. Huo ndio mwanzo wa tela kujikunja. ABS inaona, inamwamuru mchumi aachie. Mchumi anaachia. Sasa breki ya upepo lazima ipokee, na upepo unahitaji sehemu ya sekunde kusafiri kwenye mipira mpaka mwisho wa tela. Katika sehemu hiyo ya sekunde, hakuna aliyeshika.

Mtu akiniambia natunga, nitamwelekeza kwa Toyota. Februari 2010 kampuni hiyo iliyaita karakana magari yake ya haibridi zaidi ya 400,000 duniani, Prius ya wakati huo ikiwa nyingi zaidi, kwa jambo la jamii hii hii: kwenye barabara yenye mashimo au utelezi, ABS ikiamka, breki ilikabidhiwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine na dereva akahisi kwa kitambo kidogo kama vile imeacha kushika. Spana haikuhitajika, ilibadilishwa programu. Na yale yalikuwa magari madogo, hayana tela, na mengi yako kwenye lami nzuri. Watu wanaohamisha kabati wanajua dawa yake tangu zamani. Aliye chini hasemi "achia" kabla hajasema "nimeshika".

Breki ya dharura ya rada naikubali, na nataka hili lisikike, nisije nikaitwa adui wa teknolojia. Inaokoa watu. Lakini kanuni zake zinamruhusu dereva kuipiku, kwa mfano kwa kukanyaga mafuta kwa nguvu. Sasa mweke dereva kwenye gari la pedali moja, mguu wake uko juu ya mafuta saa zote, hata anapopunguza mwendo. Akishtuka, mguu unakanyaga pale ulipo, na mashine inaelewa: bwana mkubwa amekataa. Na mbuzi wa Igunga wanaokatiza barabara hawamo kwenye majaribio ya breki hiyo.

Kwenye reli wenzetu walilipa ada kubwa. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kushika mlimani, ikarudi nyuma, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Reli ya sasa ya umeme, inayochukua abiria mpaka Dodoma tangu Julai 2024 na inayojengwa kuja kwetu kutoka Makutupora, ina mfumo wa Ulaya wa kusimamia mwendo ambao ngazi zake zinajulikana: kwanza unamwonya dereva, asipotii unashika wenyewe, bado ikishindikana unafunga breki za dharura. Dereva hawezi kubishana nao, na kila hatua inaandikwa. Ni mshale ule ule. Tena treni ikivuna umeme inaweza kuurudisha kwenye waya, mwenzake akautumia. Treni ina waya. Lori lina tumbo lake tu.

Msimamo wangu, basi, ambao wenzangu idarani wameuchoka: kwenye lori zito lenye tela, uvunaji ukae chini ya pedali ya breki, au kwenye mkono wa usukani kama reteda (breki saidizi ya malori ya dizeli), usikae kwenye kuondoa mguu. Mguu ukitoka gari litembee. Mguu ukikanyaga gari lishike, kiasi kile kile kila siku, Jumatatu na Jumanne, na taa imwambie dereva ni nani anayebeba. Najua hoja za upande wa pili. Pedali moja inapunguza uchovu mjini, inavuna zaidi, na madereva waliozoea wanaipenda. Nimezipima zote kwa miaka mitatu. Mke wangu anasema ni ushamba. Huenda. Sijabadilika.

Kuhusu wiki mbili za mafunzo sina la kuongeza. Nendeni mkamwulize aliyeshusha Sekenke na mzigo wa saruji.

Limebaki la chaja. Wanaotafuta viwanja vya kuchajia malori watapenda kilele, pana upepo na nafasi. Lori likijaza pale juu litaanza kushuka na debe lililojaa. Lililojaza Singida mjini angalau litakuwa limetumia kiasi likifika mteremkoni. Na linalotoka Isaka kurudi Dar linataka nguvu kabla ya kupanda, si baada. Wakija kuuliza, waelekezeni Shelui.