Kiingereza cha Kazini

Msikilizaji wa Garissa, Wajir na Mandera, Katiba ya Kenya ya 2010 inataja lugha rasmi mbili, Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo ukiwa katika afisi ya serikali omba kuhudumiwa kwa Kiswahili bila haya. Lakini mahojiano ya kazi, hasa kwenye mashirika ya Dadaab, mara nyingi huendeshwa kwa Kiingereza.

Anza na maneno ya kazi yako. Muuza mbuzi wa soko la mifugo la Garissa anahitaji bei, umri na uzito; sarufi ya vitabuni itangoja. Na bei ina mtego wake: "fifteen" na "fifty" husikika karibu sawa. Ukiambiwa "fifteen thousand", rudia tarakimu mojamoja, "one, five", kabla hujatoa mbuzi.

Kisha kuna sauti. Kisomali hakina "p", ndiyo maana mzungumzaji wake anayetafuta "parking" hujikuta akisema "barking", yaani kubweka! Mlinzi wa geti atacheka, nawe cheka naye. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo, useme "pay, paper, police". Karatasi ikitikisika, umepatia. Isipotikisika, umetamka "b".

Msimamizi akikupa maagizo usiyoyaelewa, usiitikie kwa kichwa tu kwa adabu. Kwangu mimi, hilo ni baya kuliko sarufi mbovu. Sema: "Sorry, please say that again slowly." Tuseme pamoja, mara tatu, kwa sauti. Dereva, hata wewe.