Hesabu Mbili za Ziwa: Maziwa ya Kaskazini Yanayokauka na Kivu Yetu



Huenda akawapo miongoni mwetu wa kuuliza yanatuhusu nini maziwa ya Siberia, sisi wakazi wa Goma ambao theluji yote tuijuayo ni ule weupe unaokivika kilele cha Karisimbi siku chache za mwaka. Yanatuhusu kwa kuwa nayo, kama Kivu, yamelalia gesi, na yaliyodhihiri huko maji yalipotoweka yamfaa kila anayekusudia kukigusa kilindi chetu.

Ardhi ya kaskazini imeganda tangu maelfu ya miaka, na aghalabu maji ya ziwa husimama juu yake kwa kukosa pa kupenya. Joto linapozidi, barafu iliyomo udongoni huyeyuka, kingo zikabomoka au sakafu ikatoboka, na ziwa lililodumu karne nyingi likamwagika, pengine kwa siku chache tu. Mtafiti Laurence Smith na wenzake, walipolinganisha picha za satelaiti za Siberia za mwaka 1973 na zile za 1997 na 1998, waliyaona maziwa makubwa yamepungua kutoka 10,882 hadi 9,712, na 125 yametoweka kabisa.

Lakini taathira yake si moja. Maadamu maji yapo, matope ya chini hayagandi, na mabaki ya mimea ya kale yaozayo humo pasipo oksijeni hutoa methani. Maji yakiisha, matope huweza kuganda upya, nyasi za kinamasi zikaota na kuivuta hewa ya ukaa, hata hesabu ya gesi ikapata nafuu. Hesabu ya uhai, hata hivyo, imeharibika: samaki hawana maji, bata bukini hawana pa kushukia, na watu wa jamii ya Vuntut Gwitchin wa Kanada, walioliona Ziwa Zelma likimwagika mwaka 2007, wamepoteza sehemu ya mawindo yao.

Kivu nalo, lenye kina cha mita 485, limehifadhi methani ya kilometa za ujazo 60 hivi, na hewa ya ukaa ya 300 hivi. Kinachoizuia gesi hiyo isipande si baridi, maana maji ya kilindini yana joto kuliko ya juu. Ni uzito wa chumvi na wa hewa hiyo ya ukaa yenyewe, unaoyanyima maji ya chini nafasi ya kupanda. Methani ipandayo juu kidogo kidogo huliwa na bakteria, hata ziwa lenye gesi kiasi hiki likatoa hewani kidogo mno.

Majirani zetu wa Rwanda waliichoma gesi hii katika kiwanda cha bia tangu 1963, na tangu 2016 mtambo wa KivuWatt huzalisha megawati 26 hivi. Nasi, mwezi wa Julai 2022, tulinadi vitalu vitatu vya gesi. Kuitoa gesi ni jema kwa hesabu ya kwanza, ile ya gesi, kwani hupunguza hatari ya msiba wa gesi kama ule wa Ziwa Nyos nchini Kameruni, uliowaua watu 1,700 hivi tarehe 21 Agosti 1986. Shaka yangu ni juu ya maji ya kilindini yanayobaki gesi ikishatolewa. Yana rutuba nyingi na hayana oksijeni: yakimwagwa juu mno, mwani utafurika, na samaki wa sambaza, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao ndio riziki ya wavuvi wetu, watakosa pumzi. KivuWatt huyarudisha katika kina cha mita 240 hivi, na wataalamu wamebishana kama kina hicho chatosha. Basi kina cha kurudishia kiandikwe katika kila mkataba, na vipimo vyake visomwe mbele ya wavuvi, si mawizarani tu.

Nukta ya mwisho ni ghuba ya Kabuno, karibu na Sake. Huko maji yaliyoshiba hewa ya ukaa, ndugu ya mazuku, yale mashimo ya hewa ya ukaa tuyajuayo sote, yamo mita kumi na chache tu chini ya mtumbwi. Methani ni kidogo, faida ni haba, na kwa hiyo mwekezaji hana haraka nayo. Naomba semina hii iazimie kwamba fedha za serikali za kupunguza hatari ya gesi zianzie hapo.