Baiti 25 za Mlangoni: Ushindani, ununuzi na upekee katika biashara ya konsoli za gemu



Mhadhara huu umetokana na sahani ya pilau. Katika semina moja ya idara yetu tulikuwa tukijadili jinsi Microsoft ilivyoinunua Activision Blizzard kwa dola za Marekani bilioni 68.7, ununuzi uliotangazwa Januari 2022 na kukamilika Oktoba 13, 2023. Mwenzangu mmoja, mchumi ninayemheshimu sana, akasimama na kusema kelele zote zile za kuupinga ununuzi huo zilikuwa za bure. Mama ntilie wa pale getini, akasema, ana pilau yake. Hampi jirani mapishi, na hakuna tume inayomlazimisha. Anayeitaka pilau ile ataifuata pale pale. Na mama huyo akiona mpishi hodari kwa jirani, akamvuta kwa mshahara mnono, huo ndio ushindani wenyewe. Ukumbi ukampigia makofi. Mimi nilirudi nyumbani na mfano ule, nikalala nao, nikaamka nao. Leo naomba mnivumilie niujibu, kwa sababu naamini umewapotosha watu wengi wenye akili kuliko hoja nyingine yoyote katika fani hii.

Historia ya jumla nitaipita. Kukua kwa Atari, anguko la soko la Marekani mwaka 1983, Nintendo na Sega, Sony kuingia mwaka 1994 na Microsoft mwaka 2001: hayo mnayajua.

Tuanze na mlaji. Mtu anayetoka meza ya mama huyu kwenda meza ya yule hutembea hatua kumi, na tumbo lake ni lile lile. Upekee wa pilau, yaani kupatikana kwake kwenye meza moja tu, unamgharimu hizo hatua kumi. Kwa mchezaji wa gemu ni tofauti: PlayStation 5 ya Sony yenye tundu la diski na Xbox Series X ya Microsoft zilipotoka Novemba 2020, kila moja iliuzwa dola 499 Marekani, na fedha hiyo hulipwa kabla hujaonja punje ya kwanza. Ukitaka kuhama baadaye, gemu ulizokwisha kununua hazihami nawe, wala marafiki unaocheza nao. Ili mfano wa mwenzangu uwe sahihi, ingebidi kila mama ntilie auze kinywa, na kinywa hicho kikatae wali wa mwingine.

Halafu kuna jambo ambalo mfano wake haukuligusa kabisa. Mama ntilie hamiliki geti. Mtengenezaji wa konsoli ana jiko lake, na geti pia ni lake. Mpishi mwingine akitaka kuuza ndani hupiga hodi, hupewa masharti, kisha huacha sehemu ya kila sahani mlangoni. Katika maduka ya kidijitali ya konsoli kiwango kilichozoeleka ni asilimia 30. Katika miaka ya 1980 Nintendo iliweka ndani ya mashine yake iliyouzwa Marekani chipu iliyoitwa 10NES, na kaseti isiyo na chipu mwenza haikufunguka. Aliyepewa leseni aliruhusiwa gemu tano tu kwa mwaka. Gemu hizo hazikuweza kupelekwa kwenye mashine nyingine kwa miaka miwili, na kaseti zenyewe zilitengenezwa na Nintendo. Kampuni ya Konami ililazimika kufungua jina la pili, Ultra Games, ili ipate nafasi ya gemu nyingine tano. Sega ilipokuja na mashine yake ilikuta wapishi wengi wamekwisha kufungwa mikono. Sasa nioneshwe mama ntilie mwenye uwezo huo.

Na kumvuta mpishi je? Julai 1999 Steve Jobs wa Apple alisimama jukwaani kwenye maonesho ya Macworld na gemu iitwayo Halo ikaoneshwa kama fahari ya kompyuta za Mac. Mwaka uliofuata Microsoft ikainunua Bungie, watengenezaji wake. Halo ikatoka Novemba 2001 pamoja na Xbox ya kwanza, na wenye Mac wakasubiri hadi mwisho wa 2003. ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda, ilinunuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 7.5 na mpango ukakamilika Machi 2021. Starfield, mojawapo ya gemu zake kubwa zilizofuata, ilipotoka Septemba 2023 ilikuwa kwenye Xbox na kompyuta za Windows tu. Anayeajiri mpishi anashindana. Anayenunua jiko zima pamoja na mazoea ya walaji wa meza nyingine, kisha akawaambia wahame ama wakose, amefanya kazi ya namna nyingine, na sheria ya ushindani imeandikwa kwa ajili ya kuipima kazi hiyo.

Lazima niwe mwadilifu. Upekee mwingine sina ugomvi nao. Mario na Zelda ni jasho la Nintendo yenyewe. Bayonetta 2 ya mwaka 2014 ilitoka kwenye Wii U peke yake kwa sababu Nintendo ndiyo iliyoigharimia. Bila fedha hiyo isingekuwepo popote. Hapo hakuna aliyenyang'anywa kitu. Na Sony isijifanye mtakatifu katika hadithi hii, kwani nayo hulipia upekee, na iliinunua Bungie hiyo hiyo mwaka 2022 baada ya studio hiyo kuwa imeshaachana na Microsoft.

Sasa niruhusuni niwafikishe kwenye hati niipendayo kuliko zote, ambayo nimeisoma mara nyingi hadi nakala yangu imechakaa kwenye mikunjo. Ni hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Duru ya Tisa ya Marekani katika kesi ya Sega dhidi ya Accolade, Oktoba 20, 1992, iliyoandikwa na Jaji Stephen Reinhardt.

Wahusika kwanza. Mwaka 1979 waandishi wanne wa gemu za Atari, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, walichoka kutengeneza gemu zilizouzwa bila majina yao kwenye kasha, wakaondoka. Pamoja na Jim Levy wakaanzisha Activision, kampuni ya kwanza ya kujitegemea kutengeneza kaseti kwa ajili ya mashine isiyo yake. Atari ikaishtaki, na mambo yakaishia kwenye maafikiano. Miaka michache baadaye Miller na Whitehead wakatoka tena, wakaanzisha Accolade. Watu wawili hawa, mara ya pili maishani mwao, wakakuta mlango mwingine umefungwa: Sega Genesis, ambayo kwingineko iliitwa Mega Drive. Leseni ya Sega ilidai Sega ndiyo itengeneze kaseti zote. Accolade ikakataa.

Wakafanya nini? Walinunua mashine na kaseti tatu dukani kama mteja yeyote. Wakaunganisha nyaya kwenye sakiti ya mashine, wakazitoa programu zilizomo kwenye kaseti, wakazichapa kwenye karatasi, wakakaa kuzisoma. Walichotafuta ni mahali gemu zote tatu zilipofanana, kwa sababu hapo ndipo mashine na kaseti zinaposalimiana. Yale waliyoyaelewa wakayaandika kwenye kitabu cha maelekezo kisicho na hata mstari mmoja wa programu ya Sega, kisha wakatunga gemu zao wenyewe. Mapema 1991 Sega ikaonesha toleo jipya la mashine, na Ishido, kaseti ya Accolade iliyokwisha kuingia sokoni, ikakataliwa. Toleo lile lilitafuta herufi nne, S, E, G, A, mahali maalumu ndani ya kaseti. Zikiwepo, mlango hufunguka na skrini hutangaza kwamba gemu imetolewa na Sega au kwa leseni yake. Accolade wakarudi kwenye karatasi zao, wakakuta kipande kidogo cha programu ambacho hapo awali hawakukielewa, wakakiweka kwenye gemu zilizofuata. Sega ikashtaki kwa hakimiliki na kwa alama ya biashara, na mahakama ya chini ikaipa zuio.

Mahakama ya Rufani ikalitengua. Ndani ya tanbihi mna takwimu ambayo huwasomea wanafunzi wangu kila mwaka: kipande kile cha kufungulia mlango kilikuwa na baiti 20 hadi 25, ilhali kila gemu ya Accolade ilikuwa na baiti kati ya 500,000 na 1,500,000. Itazameni kwa utulivu. Zaidi ya baiti laki tano ni jasho la mtunzi, na 25 ni kufuli. Aliyemiliki zile 25 alidai haki ya kuzizuia nyingine zote. Jaji Reinhardt akasema kuisoma programu iliyofichika, pale ambapo hakuna njia nyingine ya kufahamu utendaji wake usiolindwa na hakimiliki, ni matumizi ya haki. Na lile tangazo la uongo kwenye skrini? Aliyelisababisha, mahakama ikasema, ni Sega mwenyewe, aliyeufunga utambulisho wake na ufunguo wa mlango.

Mwezi mmoja tu kabla, Septemba 1992, mahakama nyingine ya rufani iliamua kesi ya Atari Games dhidi ya Nintendo kuhusu chipu ile ya 10NES. Atari Games ikashindwa, kwa kuwa ilijipatia nakala ya programu ya kufuli kutoka Ofisi ya Hakimiliki kwa maelezo ya uongo. Zisomeni hukumu hizi mbili pamoja. Aliyedanganya ili apewe ufunguo aliadhibiwa. Aliyekaa akalisoma kufuli hadi akalielewa alilindwa. Sijapata kuona sheria ikitofautisha wizi na elimu kwa usafi namna hii.

Kufuli nimelijua kabla sijaijua sheria. Mwaka 2003 kaka yangu alikuwa na kibanda cha gemu mtaani kwetu Tanga: televisheni nne, pedi zilizofungwa selotepu kwenye waya, shilingi mia mbili kwa mechi. Binamu yetu alituletea kutoka Marekani diski halali, iliyonunuliwa kwa risiti. Mashine ya kaka ilitoka Dubai, ikaikataa diski kwa sababu ya eneo ilikouzwa. Tuliipangusa kwa fulana, tukaiingiza tena, ikatemwa. Fundi wa jirani akaja na chipu ndogo na waya mwembamba kama nywele, akaifungua mashine juu ya meza ya kulia chakula, na kabla ya magharibi gemu ikawaka. Chipu ile ile iliruhusu pia nakala za wizi, nazo zilijaa mjini, silifichi hilo. Lakini diski yetu ilikuwa ya halali, na kilichotuzuia hakikuwa na uhusiano wowote na wizi.

Sasa rudini kwenye ule ununuzi wa Activision Blizzard. Kwa muda wa miezi ishirini na zaidi ulimwengu wa sheria uliuliza swali moja: je, Call of Duty, gemu ya Activision, itaondolewa PlayStation? Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilikwenda mahakamani San Francisco, na Julai 2023 Jaji Jacqueline Scott Corley akakataa kuusimamisha ununuzi, akitaja ahadi za Microsoft za kuiacha gemu hiyo PlayStation na mkataba wake na Nintendo. Sony ikatia saini mkataba wa miaka kumi. Ulaya iliridhia Mei 2023 kwa masharti ya leseni. Uingereza peke yake ilikaribia mlango: Aprili 2023 iliukataa ununuzi kwa sababu ya biashara ya kucheza gemu kupitia intaneti, na ilikubali tu baada ya haki hizo, kwa gemu za miaka 15 ijayo na nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya, kupewa Ubisoft. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwenye mashine awe na mamlaka ya kuamua nani atunge gemu kwa ajili yake. Activision, iliyoanzishwa na watunzi waliouza gemu zao bila idhini ya mwenye mashine, ikawa mali ya mwenye mashine, na swali hilo halikuulizwa.

Imani yangu ni hii, na miaka ya kuipima haijaniondoa hapo: anayeuza mashine kwa umma ana haki ya kutunga gemu nzuri kuliko wote, lakini hana haki ya kushika kufuli.

Najua pingamizi. Wanasema bila kufuli soko hujaa takataka, kama ilivyokuwa 1983. Ni kweli lilijaa. Ila kompyuta ya kawaida haijawahi kuwa na kufuli hilo, na ndiko Markus Persson alikoanza kuuza Minecraft mwaka 2009 kupitia tovuti yake, bila kumwomba mtu leseni. Wanasema pia mashine huuzwa bila faida, hivyo lazima gharama irudi mlangoni. Ofisa wa Xbox, Lori Wright, alilithibitisha hilo la faida mahakamani mwaka 2021 katika kesi ya kampuni ya gemu ya Epic dhidi ya Apple. Hoja hii ni nzito, nami nimeihangaikia. Jibu langu ni kwamba bei ya mashine ingepanda, na mnunuzi angeona wazi analipia nini. Wala kufungua milango si jambo geni: sisi wa hapa Tanzania tuliotembea na laini tatu mfukoni tuliona mwaka 2014 mitandao ilipoanza kupokeana fedha za simu moja kwa moja, na Vodacom ikaingia 2016. Biashara haikufa.

Mwenzangu wa pilau ataniambia kuta zinaanguka zenyewe. Mwaka 2024 Microsoft ilipeleka gemu zake nne, kati yake Hi-Fi Rush, kwenye mashine za wengine. Mwaka 2025 Helldivers 2 ya Sony ikafika Xbox, na Halo yenyewe ikatangazwa kwenda PlayStation. Nalikubali hilo kwa furaha. Lakini gemu zimehama kwa hiari ya wenyewe, kupitia mageti yale yale. Na studio iliyotunga Hi-Fi Rush, Tango Gameworks, ilitangazwa kufungwa Mei 2024, wiki chache baada ya gemu yake kupelekwa kwa jirani, mpaka Krafton ya Korea Kusini ilipokuja kuiokoa.

Tangu 2020 watengenezaji wakubwa wawili wanauza pia matoleo ya konsoli yanayotegemea duka lao la kidijitali. Kaka yangu, aliyeketi pale mstari wa tatu, bado anayo diski ya binamu. Mwezi uliopita tulikaa sebuleni kwake, mbele ya mashine mpya ya mwanawe, tukaipindua huku na huku tukitafuta pa kuiingizia. Haina tundu.